Fumbo la maneno: maana yake, na kwa nini makutano ndiyo yanayoamua

Fumbo la maneno ni jedwali la visanduku, vingine vyeupe na vingine vyeusi, linalojazwa herufi kwa kufuata vidokezo. Vidokezo huja kwa mafungu mawili: vya mlalo, ambavyo majibu yake huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, na vya wima, ambavyo majibu yake hushuka. Namba ndogo kwenye pembe ya kisanduku inaonyesha neno linaanzia wapi, na tarakimu ya kwenye mabano inataja idadi ya herufi. Kila herufi ina kisanduku chake, kwa hiyo "chai" ni visanduku vinne. Wengi huliita chemshabongo, ingawa jina hilo limebeba pia maswali ya hesabu, tafuta-neno, sudoku na kila kitu cha kumchosha msomaji baada ya kumaliza kurasa za michezo.

Hayo mtu huyaelewa kwa kutazama tu. Kinacholitofautisha fumbo la maneno na maswali ya kawaida ni kwamba majibu yake hukatizana. Neno la mlalo na la wima hutumia kisanduku kimoja, na herufi iliyomo lazima iyafae yote mawili. Ukishalielewa hilo, utaona kwamba kujua mambo mengi kunasaidia kuliko kitu chochote mwanzoni tu; kuanzia katikati, kazi kubwa hufanywa na makutano.

Tuchukue kipande kidogo nilichokitunga kwa vitu vya Kigoma na Tabora:

1 mlalo: Meli kongwe ya Ziwa Tanganyika (6)
3 mlalo: Ndege asipokuwa nalo haruki (4)
4 mlalo: Nyuki wa misitu ya Tabora huitengeneza (5)
2 wima: Chikichi zikikamuliwa hutoa haya (6)

La kwanza mtu wa Kigoma hajiulizi: LIEMBA, ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa ziwani vipandevipande. Herufi yake ya nne, M, ndiyo inayoanzisha 2 wima. Sasa weka kijiwe cha kahawa karibu na stesheni, gazeti moja na watu wawili juu yake.

"Mjomba, hapa ni mafuta. Herufi sita, inaanza na M. Imeingia."

"Imeingia, lakini usiiandike kwanza. Nitajie la ndege."

Kijana anasema ubawa, anahesabu herufi, zinazidi moja. Na hata zingetosha, kidokezo kinasema "nalo", wakati ubawa ungetaka "nao". Basi ni BAWA, na W yake inakaa kwenye kisanduku cha tatu cha 2 wima, mahali ambapo MAFUTA ina F. Jibu lililoonekana sahihi kabisa kimaana limekataliwa na bawa la ndege. Kinachobaki ni MAWESE, na ASALI inakuja kulithibitisha: S ya asali inadondokea kwenye S ya mawese, kisanduku cha tano. Zingatia kwamba kidokezo chenyewe hakikuwa na kosa. Mafuta na mawese yote hutoka kwenye chikichi, yote yana herufi sita, yote huanza na MA. Mtunzi aliuacha mlango huo wazi makusudi, akijua makutano yataufunga.

Kutokana na mfano huo unaona pia kwamba sarufi yetu inamwaga siri nyingi kuliko watunzi wanavyopenda. "Haya" inadokeza ngeli, na ngeli inadokeza kiambishi. Kidokezo kikitaja kitendo kwa kuanza na "ku-", jibu nalo kwa kawaida litaanza na KU, na hapo visanduku viwili vimejaa kabla hujafikiri. Kidokezo cha watu wengi kinaelekea WA. Mwishoni mwa neno karibu kila mara pana irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina uwezekano wa herufi tano tu, si zaidi ya ishirini. Mjazaji mzoefu huandika hizo alama kwa penseli nyepesi kabla ya kutafuta maana. (Penseli, tafadhali. Karatasi ya gazeti ikishakwaruzwa na kalamu ya wino mara mbili, hiyo sehemu haisomeki tena.)

Lakini irabu hizohizo ni balaa kwa mtunzi. Kwenye jedwali la mtindo wa Marekani kila herufi iko kwenye neno la mlalo na la wima kwa pamoja, na jedwali la kawaida la siku za kazi lina visanduku 15 kwa 15. Lijaribu kwa Kiswahili: safu ya mwisho kulia ingekuwa na herufi za mwisho za maneno ya mlalo, yaani irabu tupu kutoka juu hadi chini. Utapata "ua", "oa", "aua", na hapo umekwama. Ndiyo maana naona Kiswahili kinafaa zaidi jedwali la mtindo wa Uingereza, lenye vyeusi vingi kama wavu, ambapo takriban herufi moja baada ya nyingine ndiyo inayokatizwa. Unapoteza uthibitisho kiasi, unapata maneno marefu na ya maana.

Asili ya fumbo la maneno ni Marekani. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, wakati reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa bado haijafika Kigoma. Ilifika mwaka uliofuata. Fumbo hilo lilikuwa na umbo la almasi, wazi katikati. Gazeti la New York Times lilianza kuchapisha la kwake mwaka 1942, na siku hizi hulipanga kwa ugumu: Jumatatu ndilo jepesi, Jumamosi ndilo gumu.

Waingereza waliongeza aina nyingine ambayo kidokezo chake kina maana ya juu na mchezo wa maneno chini yake. Kwa Kiswahili ingekuwa kama hivi: "Mji unaoishia kwa kilicho kizuri zaidi (6)". Jibu ni TABORA, kwa sababu mwisho wake ni "bora". Aina hii haitafuti ujuzi, inatafuta ujanja, na kwa ladha yangu mimi ndiyo tamu kuliko zote. Sijui kwa nini hatuitungi kwa wingi, maana watu waliokulia kwenye vitendawili wana kipaji chake tayari.

Majibu ya fumbo la kila siku kwa desturi hutoka kwenye toleo la kesho yake. Mjini Dar hilo ni jambo dogo. Kwa mtu aliyepata gazeti lake kutoka kwa abiria aliyeshuka treni, kesho yake huenda asilione kabisa, na hivyo makutano ndiyo msahihishaji pekee aliye naye. Neno lililokatizwa mara tatu na herufi zote zikakubaliana halihitaji kuthibitishwa na gazeti. Lililokatizwa mara moja tu ni la kulitilia shaka, hata kama unalipenda.

Na kuna kisanduku kimoja ambacho mjazaji hana hatia nacho: pale maneno mawili ya kienyeji yanapokatizana. Mtunzi wa pwani akiweka KUHE, samaki wa Ziwa Tanganyika, likatizwe na jina la sehemu ya jahazi, basi mvuvi wa Ujiji atalijua moja, nahodha wa Pangani atalijua jingine, na mwalimu wa Tabora hatalijua lolote. Kanuni ya mtunzi mzuri ni kwamba neno gumu likatizwe na mepesi. Asipoifuata, acha kisanduku kitupu na uhesabu fumbo limekwisha.