Seneta wa jimbo si seneta wa Marekani

Juzi nimemsikia tena mtangazaji mmoja redioni akisema Barack Obama aliingia Seneti ya Marekani mwaka 1997. Hapana. Mwaka huo aliapishwa Springfield, mji mkuu wa Illinois, na Washington ilikuwa bado mbali. Alikuwa seneta wa jimbo.

Seneta wa jimbo ni mjumbe wa baraza la juu katika bunge la jimbo moja la Marekani. Majimbo yote 50 yana mabunge yao, na yote isipokuwa Nebraska yana mabaraza mawili. Huko ndiko zinakotungwa sheria za shule, barabara, leseni za udereva, ndoa na sehemu kubwa ya makosa ya jinai. Viza na vita ni mambo ya Washington.

Kinachotuponza ni neno jimbo. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo la uchaguzi. Mbunge wa Jimbo la Ubungo anakaa Dodoma na kutunga sheria za nchi nzima, na tukisema "mbunge wa jimbo" tunamtofautisha na wa viti maalumu. Basi sikio letu likisikia "mbunge wa jimbo la Minnesota", moja kwa moja linampeleka kwenye bunge la taifa. Mkenya hapati shida hiyo, maana eneo la uchaguzi analiita eneo bunge, na majimbo kwake ni yale ya katiba ya 1963, yaliyokuwa na mabaraza yake. Ila yeye anakwazwa na neno seneta: seneta wa Kaunti ya Siaya anakaa Nairobi, katika bunge la taifa. Nadhani anayeelewa upesi kuliko sote ni Mkongo. Lubumbashi kuna bunge la mkoa wa Haut-Katanga, na wajumbe wa mabunge ya namna hiyo ndio wanaowachagua maseneta wanaokwenda Kinshasa. Marekani nayo ilikuwa na utaratibu huohuo wa mabunge ya majimbo kuchagua maseneta wa taifa, hadi katiba iliporekebishwa mwaka 1913 na kura hiyo wakapewa wananchi.

Asili ya neno seneta haitusaidii. Limetokana na neno la Kilatini senex, yaani mzee, na senatus lilikuwa baraza la wazee wa Roma. Wazee hao wakae wapi, neno halisemi.

Safari ya Obama ndiyo inayoonyesha tofauti. Mwaka 1996 aligombea useneta wa Illinois katika eneo la uchaguzi namba 13, kusini mwa Chicago. Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, aliyekuwa amejaribu kwenda bunge la taifa, akashindwa, akataka kurudi kukitetea. Watu wa Obama walikaa na karatasi za wadhamini wakizipitia saini moja moja na kuwekea pingamizi zilizokuwa na kasoro. Palmer akajitoa, wengine watatu wakaenguliwa, Obama akapita kura za maoni za chama bila mpinzani. Alichaguliwa tena 1998 na 2002.

Katikati hapo, mwaka 2000, alitaka kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, yaani baraza la chini la bunge la taifa. Bobby Rush, aliyekuwa akikishikilia kiti hicho, akamshinda vibaya kwenye kura za maoni, naye akarudi Springfield kwenye kiti chake, ambacho hakuwa amekipoteza. Angekuwa tayari seneta wa Marekani, asingekuwa na sababu ya kukitafuta kiti cha Rush. Mwaka 2003 alisimamia sheria ya kurekodi polisi wanapowahoji watuhumiwa wa mauaji, na hiyo ilikuwa sheria ya Illinois tu. Ukivuka kuingia Indiana haikuhusu. Hata hotuba yake maarufu kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston, Julai 2004, aliitoa akiwa bado seneta wa jimbo.

Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyechaguliwa Novemba 2024, naye ni mwakilishi katika bunge la Minnesota, na ofisi yake ipo St. Paul, mji mkuu wa jimbo hilo, si Washington.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa habari, Obama wa 1997 hadi 2004 tumwite "seneta katika Bunge la Illinois". Kuanzia Januari 2005, alipoapishwa Washington, ndipo tuseme "seneta wa Marekani kutoka Illinois".