"Ukirudisha Ziwa, Unaurudisha na Ugonjwa": Maneno Niliyochoka Kuyasikia Kliniki

Alhamisi iliyopita aliingia mama mmoja kliniki, akakaa, akaingiza mkono ndani ya sidiria na kutoa kipande cha khanga kilichokunjwa mara nne na kushonwa pembeni. Amekivaa miaka sita, tangu alipoondolewa titi la kushoto kwa ajili ya saratani. Hukifua usiku na kukianika mahali ambapo wageni hawatakiona. Alisikia kwamba titi linaweza kutengenezwa upya, akaja na maswali ya maana: gharama, siku za kulazwa, nani atawapikia watoto. Tulizungumza muda mrefu. Alipoinuka na kushika kitasa cha mlango ndipo akatoa lile alilotoka nalo nyumbani: "Lakini daktari, dada yangu anasema ukirudisha ziwa, unaurudisha na ugonjwa."

Mimi ni daktari wa upasuaji rekebishi hapa Dar es Salaam. Maneno hayo nimeyasikia kwa walimu, mama ntilie, wahasibu, wake wa wachungaji, na mara mbili kwa wauguzi ninaofanya nao kazi. Yananikera kuliko mengine yote kwa sababu yanamnyang'anya mwanamke uamuzi kabla hajauangalia. Mwanamke akiniambia hataki titi jipya kwa kuwa amechoka na visu, namwelewa na namheshimu. Akikataa kwa sababu ya jambo lisilo kweli, siwezi kunyamaza.

Tuanze na titi lenyewe linavyotengenezwa. Saratani ya matiti huanzia kwenye mirija na vifuko vya maziwa. Mimi ninapotengeneza titi sirudishi mirija wala vifuko. Ama nachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, au msuli wa mgongoni pamoja na ngozi yake, nikavipeleka kifuani. Ama naweka mfuko wa silikoni, mara nyingi baada ya kuitanua ngozi polepole kwa mfuko mwingine unaojazwa maji ya chumvi wiki hadi wiki. Nyama ya tumboni ikihamia kifuani hubaki na tabia ya nyama ya tumboni: ukinenepa, na titi hilo linanenepa. Haigeuki kuwa titi la kuzaliwa nalo, na hakuna kitu ndani yake ambacho saratani ya matiti inaweza kuanzia.

Saratani ikirudi, imetoka kwenye seli zilizobaki kwenye ngozi ya kifua au tezi za kwapani, au zilizokuwa zimeshasafiri zamani kwenda kwenye mifupa, mapafu au ini. Seli hizo haziulizi kama kifua kiko bapa au kina titi jipya. Kinachoamua ni ukubwa wa uvimbe siku ulipogunduliwa, idadi ya tezi zilizoingiliwa, aina ya saratani yenyewe, na kama matibabu yalifika mwisho. Wanawake waliotengenezewa titi wamelinganishwa na wasiotengenezewa katika nchi nyingi na kwa miaka mingi, na kutengenezewa hakujaonekana kuongeza kurudi kwa ugonjwa wala vifo.

Hofu hii haikuzaliwa mitaani kwetu, na ni haki niseme hivyo. Ilianza kwa madaktari. William Halsted wa Baltimore, Marekani, aliyechapisha mwaka 1894 matokeo ya upasuaji wake wa kuondoa titi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, aliwaonya wenzake wasifanye upasuaji wa kurekebisha eneo lile, kwa hofu kwamba ungeficha saratani inayorudi. Mwitaliano Iginio Tansini alikuwa ameshaonyesha, kufikia mwaka 1906, namna ya kuziba kifua kwa nyama ya mgongoni. Sauti ya Halsted ikawa kubwa zaidi, na njia ile ikaachwa hadi miaka ya 1970. Vizazi vya wanawake vilipita hapo katikati. Kwa hiyo mama anayeniuliza swali hili mlangoni hajakosa akili. Anarudia woga ambao sisi wenyewe tuliupanda, na ni kazi yetu kuung'oa.

Sasa, kwa nini maneno haya yanaonekana kuwa kweli? Kwa sababu kila mtu anamjua jirani fulani. Alikatwa titi, akatengenezewa, baada ya miaka mitatu ugonjwa ukarudi. Saratani zinazolishwa na homoni zinaweza kurudi baada ya miaka kumi, kumi na mitano, hata ishirini. Kama titi lilitengenezwa mwaka wa nne na ugonjwa ukaonekana mwaka wa saba, watu watakilaumu kisu cha mwisho walichokiona. Hakuna anayemkumbuka jirani mwingine ambaye hakutengenezewa kitu na ugonjwa ukamrudia mwaka uleule.

Kitu ninachoshuhudia kikiwapokonya watu nafasi ya kupona ni dawa kuachwa njiani. Tamoksifeni, dawa inayozuia homoni kuilisha saratani, hunywewa miaka mitano, na kwa wengi hadi kumi. Inaleta joto la ghafla, jasho la usiku, viungo kuuma. Wanawake wanaiacha kimyakimya, halafu wanaogopa kumwambia daktari. Wengine wanaiacha kwa furaha: wamepata titi, wanajiona wamepona. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Mimi huisimamisha wiki mbili kabla ya upasuaji wa kuunganisha mishipa midogo ya damu ya nyama inayohamishwa, kwa sababu dawa hiyo huongeza hatari ya damu kuganda, na huandika kwenye kadi kwa kalamu nyekundu tarehe ya kuirudia. Tarehe hiyo ikifika, irudie. Ukiona inakutesa, njoo tuzungumze. Zipo njia za kupunguza adha, na kwa wengine ipo dawa mbadala.

Na lile la kwamba titi jipya litauficha ugonjwa? Saratani ikirudi kifuani baada ya titi kuondolewa, mara nyingi hujitokeza kwenye ngozi au mafuta yaliyo chini yake tu, mahali ambapo vidole vinafika. Ndiyo maana kila ninayemtengenezea namfundisha kujipapasa kila mwezi, akianzia kwenye kovu na kumalizia kwapani. Katika titi la nyama ya tumboni unaweza kukuta donge gumu miezi michache baadaye. Mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu yakafa. Hata hivyo usijipe jibu mwenyewe nyumbani, wala usikubali mtu akwambie "ni kawaida" bila kupima. Ultrasaundi, na ikibidi sindano ya kuchukua sampuli, ndizo zitakazosema. Na titi lako la upande wa pili linaendelea kuhitaji mamografia, yaani eksirei ya titi, kama kawaida. Hilo watu wanalisahau kabisa.

Kuna jambo moja ambalo sitalificha, kwa sababu nikilificha mtalisikia vibaya kwingine. Mifuko ya silikoni yenye uso wa kukwaruza imehusishwa na aina adimu ya limfoma, yaani saratani ya kinga ya mwili, inayotokea kwenye utando unaouzunguka mfuko. Mwezi Julai 2019 kampuni ya Allergan iliiondoa sokoni duniani kote mifuko yake ya aina hiyo. Dalili ya kawaida ni titi kuvimba na kujaa maji miaka kadhaa baada ya upasuaji. Huo si ugonjwa wako wa zamani uliorudi. Ni ugonjwa mwingine, adimu, na ukiwahiwa kwa kawaida hutibiwa kwa kuuondoa mfuko pamoja na utando wake. Ukiwekewa mfuko wowote, dai kadi yenye jina la kampuni, aina na namba yake, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Nimewahi kumpokea mwanamke aliyefanyiwa upasuaji nje ya nchi asijue ndani yake kuna nini, na hospitali ile haikujibu barua zetu.

Kinachostahili kuwazwa ni mpangilio wa muda. Wagonjwa wengi wa kwetu wanafika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa, kwa hiyo baada ya kukatwa wanahitaji mionzi. Mionzi na silikoni havipatani: utando unakaza, titi linakuwa gumu, linapanda juu, linauma. Nao upasuaji mkubwa wa siku ileile ukipata kidonda kisichopona, unaweza kuichelewesha tibakemikali, na hilo sitaki. Kwa mama wa aina hiyo, ushauri wangu karibu kila mara ni huu: maliza matibabu, pumzika angalau miezi sita baada ya mionzi, kisha tutumie nyama yako mwenyewe. Aliyegundulika mapema na asiyehitaji mionzi anaweza kutengenezewa siku ileile anayoondolewa titi. Hizo ndizo sababu za kusubiri. Kuogopa kuuamsha ugonjwa hakumo.

Mengine yaliyobaki nitayapitia haraka.

"Nimeshachelewa, ni miaka mingi." Hujachelewa. Kovu la miaka miwili au la miaka kumi, vyote vinafanyika. Kinachozuia ni sukari isiyodhibitiwa, moyo dhaifu, ugonjwa ulioenea, na tumbaku. Sigara, shisha, ugoro: vyote vinabana mishipa midogo ambayo titi jipya linaitegemea kuishi. Simpasui mvutaji mpaka aache, na sibembelezwi katika hilo.

"Litakuwa kama lile la zamani." Hapana. Litajaza sidiria, litakaa vizuri ndani ya gauni, lakini sehemu kubwa litakuwa na ganzi, na kwa wengi hisia hurudi kidogo tu. Kwa ajili hiyo nakataza kukanda. Kina mama zetu wanaopenda kutuuguza kwa maji ya moto wanisikilize: ngozi isiyo na hisia inaungua bila mwenyewe kujua, na nimeshashona vidonda vya kukandwa kwa upendo. Chuchu hutengenezwa baadaye, kwa kukunja ngozi yenyewe au kwa kuchora tatuu.

"Halafu napata na tumbo jembamba bure." Hili wananiambia wakicheka, nami siwezi kucheka nao. Ni kovu kutoka nyonga hadi nyonga. Ni saa sita, nane, au zaidi juu ya meza, na usiku mzima muuguzi anakuja kila saa kuangalia kama damu inapita. Ikiacha kupita, tunarudi chumba cha upasuaji usiku huohuo, na mara chache nyama yote inakufa. Ukuta wa tumbo unaweza kulegea. Anayekuja kwa ajili ya tumbo namrudisha nyumbani akafikiri upya.

"Silikoni ukiweka umemaliza." Mifuko haidumu milele. Inaweza kupasuka bila dalili yoyote, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo uwezekano wa kuibadilisha unavyoongezeka. Kama huna uhakika wa kufuatiliwa kwa miaka mingi, nyama yako ni chaguo bora.

"Ngozi yetu itaota keloidi." Keloidi ni kovu linalovimba na kuendelea kukua, na ni kweli ngozi nyeusi ina mwelekeo huo zaidi. Basi nioneshe masikio uliyotobolewa na alama ya chanjo begani. Hizo zinanieleza mengi. Keloidi inabadilisha mpango na matunzo ya kovu. Peke yake haifungi mlango.

"Ni urembo tu, na umri wako umepita." Haya kwa kawaida huyasema mtu asiyekuwa na kovu. Mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye afya njema anaruhusiwa kutaka kifua chake kilingane. Wagonjwa wangu Waislamu huniuliza kama ni kubadili maumbile ya Mungu. Mimi si shehe, lakini wanazuoni wengi hutofautisha kuondoa kasoro iliyoletwa na maradhi na kutafuta urembo. Waulizeni.

Na kuna kosa la upande wa pili, ambalo baadhi ya wenzangu wanalieneza: kwamba mwanamke asiye na titi amepungua, na asipotengenezewa mume ataondoka. Mume akija naye, namwomba akae nje kwanza. Nikisikia "anataka yeye" badala ya "nataka", sipangi tarehe. Kubaki na kifua bapa ni uamuzi kamili. Ila mwambie daktari wako mapema, kabla ya kukatwa, kwamba unataka kifua kifungwe kikae bapa kweli, bila minofu ya ngozi inayoning'inia kwapani na kusuguliwa na sidiria. Ukitaka kitu cha kuvaa, liko titi la bandia la silikoni lenye uzito unaolingana na la upande wa pili, na yako ya kufuma kwa uzi, mepesi na rahisi kufua.

Ukija kwangu, njoo na jibu la patholojia, yaani la maabara iliyopima uvimbe wako, na karatasi ya upasuaji wa kwanza. Bila hizo tunabahatisha, na wengi wameziacha kwenye begi la shangazi mkoani.

Yule mama wa khanga nilimwomba arudi na dada yake. Wamekuja Jumanne. Dada mtu aliuliza maswali kuliko mgonjwa, nami nilimchorea kila kitu nyuma ya fomu: mirija ya maziwa iko wapi, nyama ya tumbo inatoka wapi, tezi ziko wapi. Akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye pochi. Mgonjwa mwenyewe hajaamua. Mwanawe anafanya mtihani wa kidato cha nne, anasema tutazungumza akimaliza. Kwa sasa nimempa barua akapimiwe titi la kuvaa, aipumzishe khanga.