Je, mwanafunzi asiyeona anafanyaje utafiti wa sayansi?

Geerat Vermeij alikuwa kipofu tangu umri wa miaka 3. Alipoomba kusomea uzamivu wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, profesa aliyemhoji aliingiwa na shaka. Alimpeleka kwenye hifadhi ya makumbusho, akamkabidhi kombe la konokono wa baharini. Vermeij akalipapasa na kulitaja kwa jina lake la kisayansi. Akapewa la pili, akalitambua pia. Akapokelewa, na mwaka 1971 akahitimu. Baadaye vidole vyake vilisoma kwenye makombe makovu yaliyoachwa na kaa, akaeleza jinsi wanyama wawindaji na mawindo wanavyosukumana kubadilika kwa mamilioni ya miaka.

Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico alipoteza uwezo wa kuona akiwa chuoni. Hakuiacha astronomia. Aligeuza data ya anga kuwa sauti, akaisikiliza badala ya kutazama grafu.

Basi kinachowakwaza wanafunzi wengi wenye ulemavu ni nini? Mara nyingi kizuizi huanza kabla ya maabara. Nafasi ya msaidizi wa utafiti hutangazwa kwa karatasi iliyopigwa picha, ambayo kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona maandishi kwa sauti, hakiwezi kuisoma, au hupitia mazungumzo ya koridoni ambayo kiziwi hayasikii. Wanaoipata ni wale ambao mhadhiri anawafahamu tayari. Hapo hakuna aliyekataliwa waziwazi, na ndiyo maana tatizo hili hudumu miaka mingi bila kuulizwa.

Ndani ya maabara, swali la kwanza liwe: kazi yenyewe inadai nini hasa? Kumimina kemikali kwa mkono wako si sharti la kuwa mwanakemia. Kupanga jaribio na kufasiri matokeo ndiyo sayansi. Msaidizi anaweza kumimina kwa maelekezo ya mwanafunzi, mradi uamuzi ubaki wa mwanafunzi. Vipo vipimajoto na mizani vinavyotamka vipimo, na meza zinazopandishwa na kushushwa kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Mkalimani wa lugha ya alama huhitaji kupewa istilahi za mradi mapema, la sivyo atakwama katikati ya kikao.

Gharama hizi ziingizwe kwenye bajeti wakati wa kuomba ruzuku. Zikisubiri hadi mwanafunzi afike, atalaumiwa yeye kwa kuchelewesha kazi, na hilo ni dhuluma.

Kuyatimiza mahitaji haya si hisani pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unahesabu kunyima marekebisho stahiki kuwa ubaguzi, na kifungu cha 24 kinagusa elimu ya juu.

Kwa mhadhiri anayeandika tangazo leo, sentensi moja yatosha kuanzia: mwombaji aeleze anahitaji nini ili afanye kazi, na atajiwe mtu wa kumwandikia. Jina la ulemavu wake halihitajiki.