Lijamu nene si lazima liwe laini: dhana potofu kuhusu chuma cha kinywani mwa farasi

Anayemnunulia farasi wake lijamu huuliza kwanza lipi ni laini zaidi, na muuzaji huwa na jibu tayari. Wote wawili wameanza na chuma. Ni wachache wanaoanza kwa kuinua mdomo wa farasi na kutazama ndani, na huko ndiko jibu liliko.

Kati ya meno ya mbele na magego ya farasi pana pengo lisilo na meno. Lijamu hukaa hapo. Upande wa chini wa pengo hilo hauna nyama ya kutosha: ni ufizi mwembamba uliofunika ukingo mkali wa mfupa wa taya, na mishipa ya fahamu iko karibu. Ulimi nao ni mnene, na farasi akifunga kinywa hujaza karibu nafasi yote hadi kwenye kaakaa. Farasi dume aliyekomaa huwa na meno 40, jike mara nyingi 36, kwa sababu majike wengi hawaoti chonge. Chonge huota katika pengo hilohilo, farasi akiwa na umri wa miaka 4 au 5. Wengine wana kijino kidogo kisicho na kazi mbele ya gego la kwanza la juu. Chuma kikikigonga, farasi hurusha kichwa, na mpandaji husema ana tabia mbaya.

Dhana: kadiri lijamu linavyokuwa nene ndivyo linavyokuwa laini.

Hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ina chembe ya ukweli ndani yake. Chuma kinene husambaza mgandamizo juu ya eneo pana, na chembamba mno hukata. Lakini kinywa ambacho ulimi umekwisha kukijaza hakina pa kuweka bomba. Farasi wa Kiarabu, mwenye kichwa kidogo na taya fupi, akivishwa lijamu la milimita 20 na zaidi huenda asiweze kufunga kinywa vizuri. Chuma kinamkandamiza ulimi hata kabla hatamu hazijaguswa. Farasi wengi huridhika na unene wa milimita 14 hadi 16, ila hiyo ni sehemu ya kuanzia tu. Mtazame akiwa amefunga kinywa bila lijamu, kisha umpenulie midomo ubavuni. Ukiona ulimi umefura na kuchungulia kati ya taya, jua nafasi ni finyu, na chuma chembamba kidogo kitamfaa kuliko kile kinene ulichomchagulia kwa huruma.

Mpira haukuondolei kazi hii. Lijamu lililovikwa mpira kwa kawaida ni nene zaidi, na kinywa kikikauka mpira hukwaruza ngozi ya midomo badala ya kuteleza. Likiwa limetafunwa na kuchanika, liweke kando.

Dhana: lijamu lenye kiungo kimoja katikati humchoma farasi kaakaa.

Maelezo yake yanavutia: hatamu zikivutwa, vipande viwili hukunjana na ncha hupanda juu. Hilary Clayton, daktari wa mifugo aliyechunguza kwa miaka mingi mwendo wa farasi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alipiga picha za eksirei za lijamu likiwa kinywani. Zilionyesha kwamba hatamu zikikazwa, chuma huzama kwenye ulimi na kwenda mbali na kaakaa. Kwa hiyo ulimi ndio unaobeba mzigo. Haina maana kwamba kiungo kimoja kinamfaa kila farasi. Likiwa pana kupita kiasi, lijamu la namna hiyo huteleza upande mmoja, kiungo huhama kutoka katikati, na pete ya upande wa pili, panapofungwa hatamu, hubana shavu.

Wanaokimbilia lijamu la vipande vitatu wakague kile kipande cha kati. Kikiwa cha mviringo, kama punje ya harage, hulala juu ya ulimi bila fujo. Kikiwa bapa na kimekaa kwa ukingo wake, hukandamiza ulimi vibaya kuliko kile kiungo kimoja walichokikimbia.

Dhana: farasi anayevuta anahitaji lijamu kali zaidi.

Hapa ndipo farasi wanapoumizwa zaidi, na mara nyingi wanaumizwa na watu wanaowapenda.

Chukua lijamu la wenzo, lile lenye mikono miwili ya chuma ubavuni na mnyororo chini ya kidevu. Tuseme sehemu ya kila mkono iliyo chini ya chuma cha kinywani, panapofungwa hatamu, ina sentimita 10, na ile ya juu, panaposhika mnyororo, ina sentimita 5. Mpandaji akivuta kwa uzito wa kilo 2, mnyororo hukaza kidevu kwa kilo 4, na ufizi pamoja na ulimi hubeba zote kwa jumla, yaani kilo 6. Taya imebanwa kati ya vyuma viwili. Mkononi mwa mtu aliyetulia, anayeongea na farasi wake kwa vidole tu, chombo hiki kina mahali pake. Akipewa mwanafunzi anayeshika hatamu ili asianguke, kila hatua ya farasi inakuwa adhabu.

Farasi hukimbia maumivu. Ukimwongezea maumivu ili asimame, unamwongezea sababu ya kukimbia, na baada ya wiki chache utasikia watu wakisema ana "mdomo mgumu". Ufizi haufi ganzi kwa mazoea. Farasi amejifunza tu kukaza shingo, kuinua kichwa au kuupandisha ulimi juu ya chuma ili apate nafuu. Kabla ya kubadilisha lijamu, mwite daktari amkague meno, kwa maana magego ya farasi huota kingo kali zinazokata mashavu na ulimi, na ukaguzi unastahili kufanywa angalau mara moja kwa mwaka. Kwa farasi wa miaka 2 na nusu hadi 5, anayebadilisha meno ya utotoni, hata mara mbili. Kisha kagua tandiko na mgongo. Mwisho, muombe mtu aitazame mikono yako ukiwa umepanda.

Dhana: kama hakuna damu, hakuna jeraha.

Nchini Finland watafiti walichunguza vinywa vya farasi 261 mara baada ya mbio za vigari. Takriban asilimia 84 walikuwa na majeraha mapya mahali lijamu linapokaa, ilhali waliotokwa na damu iliyoonekana nje ya mdomo walikuwa wachache sana. Hao walikuwa wa kukokota vigari, si wa kupandwa, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kubandikwa kwa kila farasi. Lakini inatosha kukufanya uwashe tochi na kutazama ndani.

Dhana: akifungua kinywa, kaza ukanda wa pua.

Anafungua kwa sababu kuna kinachomsumbua. Ukimfunga, umemnyima njia ya kukuambia. Vidole viwili vya mtu mzima vipite kati ya ukanda na mfupa wa pua, juu kabisa na si ubavuni, ambako daima huonekana pana nafasi.

Povu nalo husifiwa kupita kiasi. Midomo yenye unyevu kidogo ni dalili njema, lakini farasi aliyekunjwa shingo hadi ashindwe kumeza mate naye hutoa povu. Mtazame masikio, macho na mkia pamoja na mdomo.

Dhana: mikunjo miwili pembeni mwa mdomo, basi kipimo ni sahihi.

Midomo haifanani. Mwenye mdomo mnene huonyesha mikunjo miwili wakati chuma bado kiko chini, na mwenye mdomo mwembamba huonyesha mmoja tu wakati tayari kimepanda mno. Kigezo ni kwamba chuma kisiguse chonge wala magego, na kisivute pembe za mdomo hadi farasi aonekane anacheka. Kwa upana, pitisha kijiti laini au kamba kinywani, weka alama pembe hadi pembe, kisha ongeza karibu nusu sentimita kila upande kwa lijamu lenye pete zinazozunguka. Lenye pete zisizozunguka hutaka kukaa karibu zaidi na midomo.

Dhana: kumpanda bila lijamu siku zote ni huruma.

Inaweza kuwa hivyo, na kwa farasi mwenye jeraha kinywani ni busara. Lakini zipo hatamu zisizo na chuma cha kinywani zenye wenzo na mnyororo, zinazobana pua na kidevu kwa hesabu ileile ya hapo juu. Mfupa wa pua kuelekea chini ni mwembamba. Ukanda ukishuka hadi huko, unaminya mfupa huo na kubana njia ya hewa.

Kwenye mazizi ya Nairobi na Gilgil, na kwa farasi wanaotembeza wageni ufukweni Diani, saisi ndiye anayemvisha farasi lijamu kila asubuhi. Yeye ndiye wa kwanza kujua farasi ameanza kukwepa, kuuma meno au kuinua kichwa akiona hatamu. Aulizwe, na neno lake lisikilizwe kabla ya la muuzaji. Ufukweni kuna jambo jingine: chuma kilichoachwa juani huwa cha moto, na chumvi na mate yakikaukia juu yake huwa kama msasa. Kioshwe kwa maji matamu kila baada ya kazi.

Lijamu jipya lijaribiwe mahali farasi anapopazoea, kwa dakika kama 20, halafu ukague ulimi, ufizi na pembe za mdomo. Ukilinunua kuukuu, pitisha kidole kwenye tundu za pete na kwenye viungo. Tundu zilizolika huwa na kingo zinazobana ngozi ya mdomo kila pete inapozunguka. La namna hiyo halifai kupigwa msasa wala kuzungushiwa utepe, litupwe.