Mandhari na nakala zake: mchoro wa nchi una maana gani?

Neno mandhari lilitufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule uliotuletea nadhari na nadharia. Mzizi huo unahusu kutazama. Tukilipima neno kwa asili yake, basi, mandhari ni nchi ikiwa mbele ya macho ya mtu. Bila mtazamaji kuna ardhi tu. Waholanzi walianzia upande wa pili. Neno lao landschap lilikuwa na maana ya eneo, kipande cha nchi, kabla halijahamia kwenye picha. Wachina wakaiita sanaa hii shanshui, yaani milima na maji, wakataja vile vitu viwili vinavyoonekana wakanyamaza. Mimi nalipenda zaidi neno letu, kwa sababu linakumbusha kwamba kuna mtu amesimama mahali fulani na kuchagua nini kiingie kwenye picha na nini kibaki nje.

Mchoro wa mandhari ni ule ambao nchi yenyewe, pamoja na anga, miti, maji na hewa iliyo katikati yake, ndiyo mhusika mkuu. Watu wanaweza kuwemo, na mara nyingi wamo. Kipimo rahisi ni kuwafuta akilini. Kama picha bado ina la kusema, ni mandhari. Kama limebaki jukwaa tupu, ilikuwa picha ya watu iliyotandikiwa milima nyuma.

Kwa kipimo hicho, Ulaya ilichelewa. Kwa karne nyingi milima na mito ilisimama nyuma ya mabega ya watakatifu. Joachim Patinir, aliyefanya kazi Antwerp mwanzoni mwa karne ya 16, hakumwondoa mtakatifu bali alimpunguza, akampunguza tena, hadi mtazamaji akawa anamtafuta katikati ya miamba. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alipozuru mji huo mwaka 1521 alimtaja katika shajara yake kama mchoraji mzuri wa mandhari, mojawapo ya mara za mwanzo kabisa mtu kuitwa hivyo. Huko Ujerumani, katika miaka hiyohiyo, Albrecht Altdorfer alikwenda hatua moja mbele akachora miti, njia na anga bila mtu hata mmoja.

Heshima haikuja haraka. Mwaka 1667 André Félibien, akiandika kwa niaba ya chuo cha kifalme cha sanaa cha Paris, alipanga aina za michoro kwa daraja: juu kabisa visa vya dini, historia na ushujaa, na mandhari chini sana. Hoja yenyewe inaeleweka hata kama huikubali. Mti hauna ushujaa, mto hauna toba, kwa hiyo atakayeuchora anafundisha nini? Ndiyo maana wachoraji wengi wa Ulaya waliendelea kupachika mungu mdogo wa Kiyunani au familia takatifu pembeni mwa bonde. Kilikuwa kama kibali cha kuingilia.

Uchina walikuwa wameshaumaliza mjadala huo zamani. Inasimuliwa kwamba Zong Bing, aliyefariki mwaka 443, alipozeeka na miguu ikakataa kupanda, aliichora kwenye kuta za chumba chake milima aliyowahi kuitembelea, ili aendelee kusafiri akiwa amelala. Kisa hicho kina jambo ambalo wengi hulipita. Mchoro wa mandhari, tangu mwanzo, ni kitu kinachokaa mahali pa kitu kingine ambacho huwezi kukifikia. Ni nakala ya mahali. Na ukishakubali hivyo, nakala ya mchoro haishangazi tena. Ni hatua ya pili ya safari ileile.

Hata hivyo neno nakala limebebeshwa mizigo mingi mno, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Kuna mchoraji anayekaa mbele ya kazi ya mwenzake na kuirudia kwa brashi. Kuna fundi anayeichonga kazi hiyo kwenye shaba ili ichapwe. Kuna picha ya kamera. Kuna bango la dukani. Na kuna mghushi. Wote tunawaita wanakili, ilhali kazi zao hazifanani hata kidogo.

Tuanze na Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma na kufariki mwaka 1682. Mabonde yake yenye mwanga wa jioni yalipendwa kiasi kwamba wengine walianza kuyaiga na kuyauza kwa jina lake. Kuanzia kama mwaka 1635 akawa na daftari linalojulikana kama Liber Veritatis, Kitabu cha Ukweli: kila mchoro alioumaliza aliuchora tena kwa kalamu na wino humo, na nyuma ya kurasa nyingi akaandika jina la mnunuzi. Lilikuwa rejista dhidi ya wezi. Katika miaka ya 1770, huko London, Richard Earlom alianza kutoa daftari hilo kama chapa, zikiwa na wino wa kahawia ili zifanane na kurasa zenyewe. Kinga dhidi ya kuigwa ikageuka kuwa njia ambayo maelfu ya watu wasiowahi kufika Roma walijifunza jinsi bonde la Claude linavyopangwa: mti mkubwa ubavuni, maji katikati, umbali uliofifia kuwa buluu. (Mabonde hayo mengi, kwa taarifa yako, hayapo popote duniani. Aliyaunganisha kutoka sehemu mbalimbali.)

Chapa za shaba zina tabia moja ambayo ni vema kuijua. Bamba likikandamizwa kwenye karatasi, kushoto hugeuka kulia. Fundi makini huuchora mchoro kinyumenyume kwenye shaba ili utoke sawa, lakini wengi hawakujisumbua. Kwenye picha ya askari kosa hilo linaonekana mara moja, kwa kuwa upanga umehamia mkono wa kushoto. Kwenye mandhari nani atajua? Mti umehama upande, mto unatiririka kinyume, na picha bado inapendeza. Kwa hiyo ukikuta chapa ya zamani na mchoro wake vinatazamana kama mtu na kioo, usidhani kuna mchoro wa pili uliopotea.

Kuna pia suala la rangi. Shaba kwa kawaida hutoa wino wa rangi moja tu, na mandhari huishi kwa rangi na mwanga. Mwingereza John Constable alipambana na jambo hili hadi likamchosha. Mchoro wake wa mkokoteni mtoni, The Hay Wain, aliumaliza mwaka 1821, na ulipooneshwa Paris mwaka 1824 ulipewa medali ya dhahabu. Miaka michache baadaye alimwajiri kijana David Lucas ageuze michoro na vichoro vyake kuwa chapa kwa mbinu ambayo bamba zima hukwaruzwa kwanza, hivi kwamba likichapwa linatoa weusi mtupu. Kisha fundi hulisugua taratibu palipotakiwa mwanga, kana kwamba anafungua dirisha gizani. Mbinu hiyo ilifaa mawingu ya Constable kuliko mistari mikali. Mfululizo wa chapa 22 ulitoka kati ya 1830 na 1832. Constable alidai marekebisho juu ya marekebisho, Lucas akavumilia, na wanunuzi wakawa wachache. Kwa macho yangu zile chapa ni kazi nzuri zinazojitegemea, si vivuli vya michoro. Kuziita nakala ni kumnyima Lucas haki yake.

Japani inalibomoa neno kabisa. Katsushika Hokusai alianza kutoa mfululizo wake wa sura 36 za Mlima Fuji karibu mwaka 1830, ukapendwa, ukaongezwa hadi picha 46. Wimbi kubwa linaloinama juu ya mashua, ambalo sasa limechapwa hadi kwenye soksi, ni mojawapo. Watu huuliza: la asili liko wapi? Halipo. Hokusai alichora kwenye karatasi nyepesi, karatasi ikabandikwa kifudifudi kwenye ubao wa mti wa mcheri, na mchongaji akakata kupitia karatasi hiyohiyo, ikaharibika. Kisha mchapaji akapaka rangi mbao mbalimbali, moja baada ya nyingine, akazikandamiza kwenye karatasi mpya. Kazi asilia ni chapa zenyewe, maelfu yake, na kila moja ni ya kweli sawasawa na nyenzake, ingawa za mwanzo ni kali zaidi. Ubao unachakaa. Wataalamu hutazama mistari ya kisanduku chenye jina la picha: ikiwa imekatika, chapa hiyo ilitoka baadaye.

Na hapa kuna kichekesho kidogo. Wimbi la Hokusai lina ukubwa wa takribani sentimita 25 kwa 37. Bango la ukutani la wimbi hilo mara nyingi ni kubwa kuliko kazi ya asili.

Kamera ilipotangazwa mwaka 1839 ilidhaniwa kwamba tatizo la nakala limekwisha. Halikwisha, na sababu ni ya kikemia. Mabamba ya picha ya zamani yaliiona buluu vizuri mno, na manjano na nyekundu karibu hayakuziona. Anga ya buluu ilitoka nyeupe tupu. Majani ya manjano ya vuli yalitoka kama masizi. Mchoro wa mandhari ni buluu, kijani na manjano kutoka juu hadi chini, kwa hiyo picha yake ya kamera ilikuwa karibu uongo. Mambo yalianza kutengemaa baada ya mwaka 1873, Mjerumani Hermann Vogel alipogundua kwamba bamba likitiwa rangi fulani linaanza kuiona kijani na manjano pia. Wakati huohuo mawe ya litografia, yaani mawe bapa ya kuchapia, yalikuwa yanatoa picha za rangi kwa wingi, kila rangi na jiwe lake, zikitundikwa kwenye nyumba ambazo mchoro wa mafuta usingefika kamwe. Baadaye zikaja nukta za rangi nne ambazo hadi leo hujaza vitabu na kadi. Zitazame kwa kioo cha kukuza: bonde lote linageuka vumbi la duara ndogondogo.

Jaribu jambo moja kama una simu. Chukua mchoro wa Claude Monet wa bandari ya Le Havre alfajiri, Impression, soleil levant, wa mwaka 1872, uondolee rangi zote. Jua linakaribia kutoweka. Monet alilipaka rangi ya chungwa yenye mwangaza ulio karibu sawa na ule wa anga la kijivu linalolizunguka, kwa hiyo linang'aa kwa rangi peke yake. Kwa miaka mingi vitabu vingi vya sanaa vilichapwa kwa nyeusi na nyeupe. Wasomaji wake walikuwa wanasoma sifa za jua wasiloliona.

Kuhusu wanaonakili kwa mkono, desturi ni ya heshima na ya kale, Uchina na Ulaya vilevile. Mwanafunzi alifundishwa kwa kurudia kazi ya bwana wake. Tofauti kati yake na mghushi haiko kwenye brashi, iko kwenye jina lililoandikwa pembeni. Mchoraji Mfaransa Camille Corot aliwaachia wanafunzi na marafiki wanakili kazi zake kwa ukarimu mkubwa, na soko limekuwa likilipia ukarimu huo tangu hapo. Utani wa kale wa wafanyabiashara wa sanaa unasema Corot alichora michoro 3,000, na 10,000 kati yake iko Marekani.

Haki za kisheria nitazipita upesi. Michoro ya kale kwa kawaida imeshatoka kwenye hakimiliki. Mwaka 1999 mahakama moja ya New York iliamua kwamba picha ya kamera inayorudia tu mchoro wa namna hiyo haizai hakimiliki mpya, na Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni inayofanana mwaka 2019. Majumba kadhaa ya makumbusho, Rijksmuseum la Amsterdam likiwemo, huruhusu mtu kupakua kazi hizo bure zikiwa na ukubwa wa kutosha kuchapwa.

Ukubwa ndio unaopotea kwanza kwenye kila nakala, na kwa mandhari hilo linauma kuliko kwa aina nyingine. Mwaka 1000 au karibu na hapo, Mchina Fan Kuan alichora kwa wino kwenye hariri mlima unaojaza karibu picha yote, na chini yake msafara mdogo wa nyumbu. Hariri hiyo, ambayo sasa iko Taipei, ina urefu wa zaidi ya mita 2. Ukisimama mbele yake mlima uko juu ya kichwa chako. Ukiushika kwenye simu, uko chini ya kidole gumba. Jina la mchoraji liliandikwa kwa herufi ndogo katikati ya majani, upande wa chini kulia, karibu na wale nyumbu. Lilikaa humo bila kutambuliwa hadi mwaka 1958. Kwenye kadi ya posta, sehemu hiyo ni doa jeusi.