Tunayowaambia watoto wa walevi, na ukweli wenyewe

“Bado mdogo, haelewi.”
Anaelewa mapema mno. Mimi nilijua kwa mlio wa komeo tu kama usiku ule tutakula pamoja, au nitamshika mdogo wangu mkono tukalale kwa jirani.

“Akikua atasahau.”
Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana husemwa kwa nia njema. Huko San Diego, Marekani, kati ya 1995 na 1997, watu wazima zaidi ya 17,000 waliulizwa kuhusu utoto wao, na kuishi na mlevi lilikuwa mojawapo ya maswali. Kadiri mtu alivyopitia mateso mengi utotoni, ndivyo hatari ya sonona, ulevi na hata ugonjwa wa moyo ilivyokuwa kubwa kwake. Mwili uliokua ukilinda zamu hauachi lindo eti kwa kuwa mzazi ameacha pombe, au ameshazikwa. Utamwona mtu ana kazi na familia yake, lakini mwenzake akichelewa nusu saa tumbo linamkata. Anaomba radhi kwa kosa asilolitenda. Siku nyumba ikiwa tulivu, ndipo anapoogopa zaidi.

“Angekupenda angeacha.”
Tafadhali, mtoto asiambiwe hivi kamwe. Uraibu ni ugonjwa. Mnywaji wa miaka mingi akikatiza ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege, hata kufa, anahitaji daktari. Mtoto akiamini kuwa hakupendwa vya kutosha, atatafuta kosa lake hadi uzeeni.

“Walevi ni wale wa gongo.”
Wapo pia wavaa tai, na ada wanalipa kwa wakati.

“Mtoto wa nyoka ni nyoka.”
Tafiti za mapacha na za watoto walioasiliwa zinaonyesha kwamba kurithi huchangia karibu nusu ya hatari ya uraibu. Inayobaki hutegemea maisha. Kisiwani Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo watoto waliozaliwa 1955. Kati ya waliokulia katika shida nzito, ulevi wa wazazi ukiwamo, theluthi moja walikua wakawa watu imara. Wengi wao walikuwa na mtu mzima mwingine wa kumkimbilia: bibi, shangazi, mwalimu, jirani.

“Siri ya nyumba haitoki nje.”
Mtoto anayepigwa au kulala njaa aisema. Tanzania na Kenya, simu ya watoto ni 116, na kupiga ni bure.