Kupima ugeni wa picha dhahania (zisizochora kitu halisi): tarehe kwanza, kompyuta baadaye

Hesabu ya ugeni, yaani jinsi picha isivyofanana na zilizoitangulia, ni nyepesi. Kila picha unaigeuza kuwa safu ya namba, unatafuta picha 10 za kabla yake zinazofanana nayo zaidi, kisha unachukua wastani wa umbali. Ukiwa mkubwa, picha ni ngeni. Usilinganishe na picha zote kwa pamoja, maana nakala ya kazi ya mwaka uliopita itajificha humo.

Andaa picha vizuri. Kata fremu yote, la sivyo kila mchoraji ataonekana mpenzi wa mistari iliyonyooka kama mchoraji Mondrian. Punguza upande mrefu hadi pikseli 512. Rangi zipime kwa mfumo wa Lab, unaokaribiana na jinsi jicho linavyotofautisha rangi, lakini zipe uzito mdogo kuliko umbo, kwa sababu vanishi iliyozeeka huleta umanjano. Kwa umbo, hesabu mielekeo ya kingo, yaani mistari ambapo rangi hubadilika ghafla. Hapo "Mraba Mweusi", picha ya mchoraji Malevich, husumbua: rangi yake imejaa nyufa, na programu huzihesabu kama mistari ya mchoraji. Itie picha ukungu kidogo kwanza.

Matokeo mengi huharibikia kwenye tarehe. Malevich aliupa mraba huo mwaka 1913, ilhali aliuchora 1915 na kuuonyesha Petrograd Desemba hiyo. Picha ya rangi ya maji ya mchoraji Kandinsky yenye tarehe 1910, wataalamu wengi huiweka 1913. Miaka mitatu si midogo hapa: 1912 mchoraji Kupka alikuwa ameshaonyesha picha yake dhahania "Amorpha" jijini Paris. Piga hesabu kwa tarehe zote mbili, na nafasi ya picha kwenye orodha ya ugeni ikibadilika, toa nafasi zote mbili.

Halafu kuna mchoraji Hilma af Klint wa Sweden, aliyeanza picha zake dhahania 1906. Kwa ugeni atapanda juu sana. Ila alitaka kazi hizo zisionyeshwe hadi miaka 20 baada ya kifo chake, kilichotokea 1944, na umma ulianza kuzifahamu kwenye maonyesho ya Los Angeles ya 1986. Ukipima pia athari, yaani nani alifuatwa na wachoraji wa baadaye, kwa tarehe ya kuchora, kompyuta itakuambia Mondrian alimwiga, jambo ambalo halina ushahidi. Weka safu mbili: tarehe ya kuchora kwa ugeni, tarehe ya kuonyeshwa kwa athari. Na kwenye picha za kulinganishia ingiza pia michoro ya mimea na ya vitabu vya theosofia (mafundisho ya siri za kiroho). Ukiweka picha za rangi ya mafuta peke yake, ugeni wake utavimba kupita kiasi.